Shamba la Upepo Baharini: Linavyopangwa, Linavyojengwa, na Mahali Neno la Mkazi Lina Uzito

Miradi mikubwa ya nishati huanza mbali na macho ya wananchi, kisha siku moja hufika mlangoni mwao. Shamba la upepo la baharini huonesha jambo hilo waziwazi. Mitambo yake husimama majini, mahali pasipo nyumba wala kiwanja cha mtu, hata mkazi wa nchi kavu aweza kudhani kwamba hana la kusema. Lakini umeme uliofuliwa baharini hauna budi kuja pwani, na hapo unapotia mguu pana kijiji, pana barabara, pana makazi na malisho. Mradi ulioonekana kuwa wa bahari hugeuka kuwa mradi wa kata.

Somo hili linaeleza hatua za kupanga na kujenga shamba la namna hiyo kwa kufuata mfano mmoja wa kweli, yaani London Array nchini Uingereza. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hatua zake zote, tangu utafiti hadi uzinduzi, zimekwisha na zinajulikana. Pili, halmashauri moja ya ngazi ya wilaya ilishika nafasi kubwa ndani yake. Pwani ya Afrika Mashariki haijawa na shamba la upepo baharini, lakini tayari ina kebo na mabomba yanayotoka baharini kuja nchi kavu. Kwa hiyo maswali yaliyoulizwa kule hayako mbali na ya huku.

Shamba la upepo baharini ni nini?

Ni mkusanyiko wa mitambo mirefu iliyosimikwa kwenye sakafu ya bahari, kila mmoja ukiwa na mabawa matatu yanayozungushwa na upepo. Mzunguko huo huendesha jenereta iliyo juu ya mnara, na umeme hushuka kwa kebo hadi chini ya bahari. Watu hulifuata jambo hili baharini, ingawa gharama yake ni kubwa, kwa sababu upepo wa huko haukatizwi na vilima, miti wala majengo. Huvuma kwa nguvu na kwa utulivu zaidi kuliko wa bara.

Shamba la kwanza la namna hii lilijengwa Vindeby, nchini Denmark, mwaka 1991. Lilikuwa na mitambo 11 tu, na uwezo wake wote haukufikia megawati 5. Lilifanya kazi kwa robo karne, kisha likang'olewa mwaka 2017. London Array, lililozinduliwa mwaka 2013, lina mitambo 175 yenye uwezo wa megawati 3.6 kila mmoja, jumla megawati 630. Kwa kulinganisha, uwezo wa bwawa la Kidatu ni megawati 204. Hornsea 2, shamba jingine la Uingereza lililokamilika mwaka 2022, lina mitambo 165 tu lakini uwezo wake unazidi megawati 1,300, kwa kuwa mitambo ya leo ni mikubwa zaidi.

Msomaji atambue kwamba tarakimu hizi ni za uwezo wa juu. Upepo hauvumi sawa kila saa, na mavuno ya mwaka mzima ya shamba zuri la baharini huwa kati ya theluthi na nusu ya kile ambacho lingezalisha kama upepo usingepungua kamwe. Anayeambiwa uwezo wa mradi aulize pia mavuno yake.

Hatua ya kwanza: kutafuta mahali

Utafiti wa London Array ulianza mwaka 2001. Eneo lililochaguliwa liko kwenye mlango wa mto Thames, takriban kilomita 20 kutoka pwani za Kent na Essex, juu ya mafungu ya mchanga yanayoitwa Long Sand na Kentish Knock. Wavuvi wa pwani yoyote wanajua fungu ni nini: mahali ambapo maji ni haba, na ambapo maji yakitoka mchanga huweza kuonekana. Kina cha eneo hilo hakizidi mita 25. Maji haba hupunguza gharama ya misingi, na ndiyo maana mafungu yalipendwa.

Kabla ya kuchora ramani, watafiti wa mradi wa aina hii hupima mambo mengi. Hupima upepo kwa miaka, si kwa wiki. Huchunguza udongo wa chini ya bahari, mwendo wa mchanga, mikondo na mawimbi. Huhesabu ndege kwa misimu tofauti. Huorodhesha njia za meli, maeneo ya uvuvi, mabaki ya vyombo vilivyozama na hata mabomu yaliyobaki baharini tangu vita.

Katika Uingereza sakafu ya bahari haiuzwi kwa mwekezaji. Husimamiwa na taasisi iitwayo Crown Estate, ambayo humkodisha. London Array ilipata haki ya kukodi mwaka 2003. Haki hiyo haikuwa ruhusa ya kujenga, bali ilikuwa nafasi ya kwenda kuomba ruhusa. Tofauti hiyo ni muhimu. Mara nyingi mwekezaji hufika kijijini na karatasi yenye muhuri, na wananchi wakadhani kwamba kila kitu kimekwisha amuliwa, kumbe karatasi hiyo ni ya hatua moja tu kati ya nyingi.

Hatua ya pili: vibali viwili, bahari na nchi kavu

Maombi yalipelekwa mwaka 2005, na mradi ulihitaji ruhusa za aina mbili. Ruhusa ya mitambo ya baharini ilitolewa na Serikali Kuu mwezi Desemba 2006. Ruhusa ya kituo cha kupokelea umeme nchi kavu ilikuwa mikononi mwa halmashauri ya wilaya ya Swale, katika Kent. Kituo hicho kilipangwa kujengwa Cleve Hill, karibu na kijiji cha Graveney, pembeni mwa nyanda zenye majimaji ambazo ni makazi ya ndege.

Mwezi Juni 2006 halmashauri ya Swale ilikataa. Wakazi wa Graveney walikuwa wamelalamikia hasa magari makubwa ya ujenzi ambayo yangepita kwenye barabara zao nyembamba. Wengi walishangaa: mradi wa taifa, wa mamia ya megawati, unawezaje kusimamishwa na hoja ya malori? Lakini kwa mkazi, lori ndilo mradi wenyewe. Mtambo ulioko kilomita 20 baharini hauoni. Lori linalopita mbele ya nyumba yake analiona na kulisikia kila siku.

Mwekezaji alikata rufaa, kama sheria ilivyomruhusu. Shauri likasikilizwa hadharani, na mwaka 2007 ruhusa ikatolewa. Halmashauri, basi, ilishindwa kuuzuia mradi. Hata hivyo uamuzi wake haukupotea bure. Hoja ya barabara za kijiji iliondoka vibarazani ikaingia katika shauri rasmi, ambako mwekezaji alilazimika kuijibu mbele ya watu na majibu yake kuandikwa.

Wapo wanaoona kwamba kijiji kilichelewesha maendeleo. Wapo wanaoona kwamba kilitumia haki yake. Hoja zote mbili zina sehemu ya ukweli, kwa kuwa kuchelewa kuna gharama, na kunyamaza pia kuna gharama. Linalobaki ni kwamba wakazi walisema wakati mchoro ulikuwa bado haujawa zege.

Sharti moja lililosimamisha nusu ya pili

London Array ilipewa ruhusa ya kufikia megawati 1,000, kwa awamu mbili. Lakini mlango wa mto Thames ni mahali wanapokimbilia, wakati wa baridi, maelfu ya ndege wazamiaji wenye koo jekundu. Ndege hawa huogopa vyombo na mitambo, huhama wanapovikaribia. Kwa sababu hiyo ruhusa iliambatanishwa na sharti: awamu ya pili isianze mpaka wenye mradi wathibitishe kwamba haitawadhuru ndege hao. Mwaka 2010 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi maalumu ya ndege.

Awamu ya kwanza ikajengwa. Ilipofika mwezi Februari 2014, wenye mradi walitangaza kwamba wameiacha awamu ya pili. Walihesabu kwamba utafiti wa ziada wa ndege ungechukua takriban miaka mitatu, bila hakika ya kupata ruhusa mwishoni. Palikuwa na matatizo mengine ya kiufundi pia, lakini sharti la ndege lilikuwa sababu kubwa.

Katika muda huo wenye mradi walikuwa wamebadilika. Kampuni ya Shell, iliyokuwa mmoja wa wabia wa mwanzo, ilijitoa mwaka 2008; Masdar ya Abu Dhabi ikaingia mwaka huohuo. Laiti ulinzi wa ndege ungekuwa ahadi ya mdomo iliyotolewa na meneja fulani katika mkutano fulani, ungeondoka na meneja huyo. Lakini ulikuwa maandishi ndani ya kibali, na kibali hakijali nani ameuza hisa na nani amenunua. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni mali.

Hatua ya tatu: ujenzi

Kazi ya nchi kavu ilianza mwaka 2009, na msingi wa kwanza baharini uliwekwa mwezi Machi 2011. Kila mtambo ulisimama juu ya nguzo moja nene ya chuma, yenye umbo la bomba, iliyopigiliwa kwenye sakafu ya bahari kwa nyundo kubwa ya mashine. Kishindo chake husafiri mbali chini ya maji na huweza kuwadhuru pomboo na sili. Kwa hiyo kazi hiyo huanzwa polepole ili wanyama wapate kuondoka, na huwa na waangalizi wake.

Baada ya nguzo, huja meli maalumu zenye miguu ya chuma. Meli hizo hushusha miguu yake hadi chini, zikajiinua juu ya mawimbi, zikawa imara kama jukwaa. Ndipo hupandisha mnara, nyumba ya jenereta na mabawa. Duara la mabawa ya kila mtambo wa London Array lina kipenyo cha mita 120, yaani hupita urefu wa kiwanja cha mpira. Upepo unaotafutwa na mtambo ndio huohuo unaomzuia mjenzi: ukizidi, winchi husimama na meli ya kukodi kwa gharama kubwa hukaa bila kazi.

Kisha kebo. Umeme wa mitambo yote ulikusanywa kwenye vituo viwili vilivyojengwa baharini, ambako msongo wake ulipandishwa hadi kilovoti 150 ili upotevu njiani uwe mdogo. Kutoka hapo kebo nne, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 50, zilifukiwa chini ya bahari hadi Cleve Hill. Kebo hufukiwa ili zisikwaruzwe na nanga wala nyavu za kukokota. Pale zinapovuka ufuko kazi huwa nyeti kuliko kwingine kote, kwa kuwa ufuko ni wa wavuvi, wa ndege, wa mawimbi na wa watembeao kwa miguu kwa wakati mmoja.

Umeme wa kwanza uliingia katika gridi mwezi Oktoba 2012. Mtambo wa mwisho ulisimikwa mwezi Desemba mwaka huo, na shamba likazinduliwa rasmi mwezi Julai 2013. Ukihesabu, kusimika misingi na mitambo baharini kulichukua chini ya miaka miwili. Mradi mzima ulichukua takriban miaka 12. Sehemu kubwa ya muda ilikwenda katika kupima, kuomba, kusikiliza na kujibu. Mkazi anayengoja kuona winchi ndipo aulize, huuliza wakati zaidi ya nusu ya maamuzi imekwisha pita.

Baada ya ujenzi huja matunzo. London Array iliweka kituo chake cha mafundi katika bandari ya Ramsgate. Ajira za kudumu za shamba la upepo huwa makumi ya watu hadi mamia machache, wengi wao mafundi, ilhali ajira za ujenzi huwa nyingi lakini za kupita. Sheria ya nishati ya Uingereza ya mwaka 2004 humtaka mwenye mradi aeleze tangu mapema jinsi atakavyoing'oa mitambo yake na fedha zitakakotoka, ili mzigo huo usiiangukie jamii.

Mafunzo ya karibu

Kisiwa cha Unguja kilianza kupata umeme kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, mwaka 1980. Mwaka 2008 hitilafu katika njia hiyo iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, biashara zikafungwa. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Tukio hilo lafundisha kwamba kebo inayovuka ufuko wa kijiji kimoja yaweza kubeba maisha ya watu wa mji mzima. Kuilinda ni wajibu wa pamoja, na wanaoishi karibu nayo wastahili kuelezwa inapopita na nini hakifai kufanywa juu yake.

Kenya nayo ina mifano miwili ya upepo wa nchi kavu. Mradi wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, ulikusudiwa kuzalisha takriban megawati 60. Ulivunjwa mwaka 2016 baada ya mgogoro mrefu na wakazi kuhusu ardhi na fidia. Mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikamilika, lakini mitambo ilisimama ikingoja njia ya kusafirisha umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ambayo iliunganishwa mwaka 2018. Aidha, mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Upepo haukukosekana Kinangop wala Turkana. Kilichokosekana ni makubaliano na njia, mambo mawili yanayoamuliwa ardhini.

Wajibu na maswali ya mkazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wanaohusika washirikishwe. Ushirikishwaji huo si hisani. Ili uwe na maana, mkazi aende mkutanoni akiwa na maswali, si manung'uniko pekee. Miongoni mwa maswali hayo ni haya:

Je, karatasi inayooneshwa ni ya kibali gani, na ni vibali vipi vingine bado havijapatikana? Kebo au bomba litatua wapi, na wakati wa kazi ufuko utafungwa kwa siku ngapi na katika msimu gani, wa kaskazi au wa kusi? Wavuvi watakaozuiwa watalipwa kwa kipimo gani, na kumbukumbu za mavuno yao zinatunzwa na nani? Magari yatapita barabara ipi, saa zipi, na nani atakayeikarabati ikiharibika? Ajira za kudumu ni ngapi, na vijana wa kata watafundishwa lini ili wazistahili? Muda wa mradi ukiisha, nani atakayeondoa vilivyojengwa?

Kila jibu liingizwe katika muhtasari wa mkutano, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Jambo lenye uzito liombwe liwe sharti ndani ya kibali. Kikundi cha wavuvi kinachoandika mavuno yake kila siku kitakuwa na hoja siku ya fidia. Kisichoandika kitakuwa na malalamiko tu.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya mitaa na vijiji

1. Kama halmashauri ya Swale ingekubali ombi bila kuhoji, wakazi wa Graveney wangepata nini na wangepoteza nini?

2. Kwa nini sharti la ndege lilidumu hata baada ya wabia wa mradi kubadilika?

3. Katika kijiji au mtaa huu kuna ahadi gani ya mradi ambayo haijaandikwa popote? Nani anakumbuka ilitolewa lini na nani, na ifanyiwe nini ili iandikwe kabla ya mkutano ujao?